Maji Aliyomwagiwa Sakina

Kila Siku ya Mungu, yaani Jumapili, misa ya pili ikiisha, katekista Damas alipita kwa Feruzi kubishana naye juu ya Mungu.

Ubishi wao ulikuwa wa siku nyingi, tangu mwaka ule Feruzi alipopewa nyumba ya kampuni huku Shituru, nyumba ya nne kutoka kwenye bomba la maji la mtaa, na hakuna aliyewahi kumshinda mwenzake. Damas alikuwa mzee wa Kapolowe, mwembamba, mwenye koti la kahawia ambalo vifungo vyake vitatu havikufanana hata kidogo. Alikuwa amefundisha watoto wa parokia katekisimu kwa miaka ishirini. Feruzi alikuwa fundi wa umeme kiwandani, Mwislamu, mtu wa Kasongo, mwenye sauti ya chini na vidole virefu ambavyo hata grisi ya mitambo haikuweza kuviharibu. Mzee angeletewa chai, angepewa kiti chenye mto, na hapo wangeanza. Émérence, mke wa Feruzi, Mkatoliki tangu siku ya nane ya maisha yake, angewasikiliza akiwa kwenye mbabula yake, jiko la makaa, mbele ya nyumba, akipanga makaa na kucheka peke yake.

Siku ile hakucheka. Tangu asubuhi alikuwa akiitazama barabara kama mtu anayengoja habari ya msiba.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Wiki tatu nyuma, binti yao Sakina, mtoto wa miezi saba, alishikwa na malaria ikampanda kichwani. Walikuwa hospitalini. Mwili wa mtoto ukakakamaa kama kuni, macho yakageuka, ukabaki weupe tu. Muuguzi akatoka mbio kumtafuta daktari. Feruzi alikuwa zamu kiwandani. Chumbani walibaki Émérence na mama yake mzazi, Mama Berthe, ambaye rozari ilikuwa imemzunguka mkononi mara mbili.

“Émérence, mutoto anaenda,” Mama Berthe alisema. “Anaenda bila batizo. Utamuona wapi tena?”

Basi Émérence akafanya kile alichofundishwa akiwa msichana wa miaka tisa, tena na Damas huyu huyu: kwamba mtu akiwa mlangoni mwa kifo na padri hayupo, mkono wowote unatosha kubatiza. Alichukua kikombe cha maji ya kunywa kilichokuwa juu ya kimeza, akamimina mara tatu kwenye utosi uliokuwa unapigapiga chini ya ngozi, akasema maneno yote bila kukosea hata moja. Akampa jina la Maria. Kisha daktari akaingia na sindano yake. Kesho yake asubuhi mtoto akanyonya.

Feruzi alipofika na ovaroli ya kazi na kumkuta mtoto hai, alisujudu palepale juu ya simenti ya hospitali, kati ya vitanda viwili, watu wakimpitia pembeni. Émérence aliutazama mgongo wake uliokuwa ukitetemeka. Akataka kusema. Akanyamaza. Siku iliyofuata kusema kulikuwa kugumu zaidi, na siku iliyoifuata hiyo kukawa kugumu kuliko zote.

Maana kulikuwa na ahadi. Kabla hawajaoana, siku moja walisimama nje ya kanisa, mvua inanyesha, Feruzi ameshika mwavuli, bega lake moja nje likilowa ili Émérence asilowe. Alimwambia, “Misa yako ni yako. Nitakusindikiza na nitakungoja. Lakini watoto watanifuata mimi. Ukiona ni mzigo, sema leo, tuachane tungali tunapendana.”

“Batakufwata weye,” Émérence alijibu. Hakuna aliyemlazimisha. Baba yake alikuwa amekwisha kusema kwamba hatakanyaga mlango wa Mwislamu mpaka afe, na kweli alikufa bila kuukanyaga. Émérence akaolewa hivyo hivyo.

Na Feruzi alitimiza lake. Miaka mitatu alimpeleka misani, akamngoja nje chini ya paa la ukumbi, amekunja mikono. Wanawake wa parokia walimpa jina, Mlinzi wa Bikira. Alipolisikia alicheka sana, akasema ni kazi nzuri kuliko ya umeme.

Jana yake sasa, Jumamosi, Mama Berthe alikuja na sombe, kisamvu cha kwao, katika sufuria, uso wake ukiwaka furaha.

“Nilimuambia Damas,” akasema. “Juu ya maji ya mutoto. Alifurahi! Anasema kesho atakuya na kitambaa ya mweupe, apangane na Feruzi siku ya kumupakala mafuta mu kanisa, jina iingie mu kitabu ya parokia.”

“Mama!” Émérence alikaa chini bila kuangalia anapokaa. “Feruzi hayue.”

“Hayue nini?”

“Hayue kitu. Sikumuambia.”

“Wiki tatu?” Mama Berthe alishika kichwa. “Unalala na muntu kitanda moya wiki tatu, na hayue? Sasa ulingoya nini, mutoto aote ndevu?”

Ndiyo sababu Siku ya Mungu Émérence alikwenda bombani mara nne, ndoo ikijaa anaimwaga, akitumaini kumkamata mzee njiani kabla hajafika. Lakini barabara ilikuwa tope tupu, na Damas alivipenda sana viatu vyake. Alizungukia upande wa reli. Émérence aliporudi na ndoo ya nne, alisikia sauti yake tayari mlangoni.

“Hodi kwa sultani wa Kasongo!”

“Karibu, papa wa Kapolowe,” Feruzi alijibu, akasimama, akampokea kwa mikono miwili. “Émérence! Mzee wako amefika. Leo ana uso wa mtu mwenye silaha.”

“Niko nayo,” Damas alisema. Aliketi, akauweka sawa mto, akafungua kifungo kimoja cha koti. Émérence aliona pembe ya kitambaa cheupe ikichungulia mfukoni. “Leo nitakukamata, Feruzi. Neno moya ilinikuyia wakati padri alikuwa anahubiri.”

“Wewe ulikuwa humsikilizi padri?”

“Nilikuwa ninamusikia na sikio moya. Ingine ilikuwa yako. Sasa jibu. Kitabu yenu inasema Yesu alizaliwa bila baba. Ni kweli ao ni uongo?”

“Ni kweli. Isa mwana wa Mariamu. Mungu alisema kuwa, akawa.”

“Bon! Mutoto hana baba hapa chini. Baba yake eko wapi? Si kule juu?”

Feruzi alicheka, akampa mzee kikombe. “Adamu hakuwa na baba wala mama, mzee Damas. Basi Adamu ni mkubwa kuliko Isa?”

“Unakimbia!”

“Sikimbii, niko hapa nakunywa chai. Wewe unataka Mungu azae. Anayezaa hulea. Mimi nimelea miezi saba tu na mgongo unaniuma. Mungu hachoki, mzee. Mungu anayechoka simwelewi.”

“Njo pale!” Damas aliinua kidole. “Njo pale, ndipo pale tunapitana. Minye, Mungu yangu alichoka. Alichoka sababu yetu. Alichoka mupaka ku musalaba, akalomba maji ya kunywa.”

Feruzi hakujibu upesi. Alikizungusha kikombe chake kiganjani. Émérence aliujua unyamavu huo. Ndio uliomfanya ampende kwanza, kabla ya vidole, kabla ya sauti. Mtu aliyekuwa analiangalia neno la adui pande zote kabla hajalirudisha.

“Ni neno zuri,” alisema mwisho. “Silikubali. Lakini ni zuri.”

“Tata Damas,” Émérence aliingilia, “mvua inakuya. Hautalowa?”

“Acha iniloweshe, mwanangu. Leo niko na jambo.”

“Nikuletee mukate upeleke kwako? Uende mbele ya mvua?”

“Huyu anamfukuza mgeni wangu!” Feruzi alimgeukia akiwa bado na kicheko usoni, na macho yao yakakutana. Alimtazama kama alivyomtazama siku zote mbele ya watu, kwa muda mfupi, kama anayegusa mlango kuona kama umefungwa vizuri. Safari hii jicho lake lilikawia. Alikuwa ameona kitu. Émérence aliinama akapuliza makaa ambayo yalikuwa yanawaka vizuri bila yeye.

Ndani, Sakina alilia mara moja, akanyamaza.

“Unamsikia?” Feruzi alisema, na sauti yake ikalainika. “Wiki tatu zilizopita nilidhani sitamsikia tena. Mzee, ninyi mnasema mtoto anazaliwa na dhambi. Hilo ndilo lisiloingia kichwani mwangu. Siku ile alipozaliwa walinipa mikononi, bado yuko na damu. Nikaweka mdomo wangu hapa, kwenye sikio la kulia, nikamsomea adhana. Sikumsafisha kitu. Alikuwa safi. Nilimkumbusha tu alikotoka.”

Mzee Damas aliguswa. Macho yake yalilowa, maana alikuwa mtu wa kulowa upesi. Aliweka kikombe chini, akaingiza mkono mfukoni.

“Tata Damas!” Émérence alisema.

Lakini mzee alikuwa amekwisha kuanza. “Na sasa eko na byote mbili, mutoto yako. Neno ku sikio, na maji ku kichwa. Feruzi, njo kitu ilinileta leo. Nilitaka nikushukuru na kinywa yangu. Si kila Mwislamu angeitika.”

“Maji gani?” Feruzi aliuliza.

Aliuliza kwa wema, kama mtu anayedhani mzee amechanganya hadithi. Damas alimtazama. Kisha akamtazama Émérence, aliyekuwa amesimama na mikono miwili juu ya kifua. Akaelewa. Uso wa mzee yule ulizeeka mbele yao. Polepole, kitambaa kilichokuwa nusu nje akakirudisha mfukoni.

“Ah,” akasema. “Nimezeeka, mwanangu. Ninachanganya batoto. Ni mutoto wa Augustin, kule ku Koni…”

“Mzee,” Feruzi alisema taratibu, “miaka mitatu hujawahi kunidanganya. Hata juu ya Mungu wako.”

“Acha, tata Damas,” Émérence alisema. “Minye nitasema.”

Akasema. Alisema akiwa amesimama, bila kulia, maana aliona kulia kungekuwa kuomba. Alisema juu ya mwili uliokakamaa na macho meupe na muuguzi aliyetoka mbio. Feruzi alisikiliza, mikono juu ya magoti, kama anayesikiliza maelezo ya mtambo ulioharibika.

“Mkono wa nani?” akauliza.

“Mukono yangu.”

“Si wa mama yako?”

“Yangu.”

“Na maneno uliyasema yote?”

“Yote.”

“Ulimpa jina?”

“Maria. Sababu weye uliniambia Mariamu eko mu kitabu yenu, eko na sura yake muzima. Nilitafuta jina yenye haitakuumiza.”

“Basi ulijua itaniumiza.”

Mbali kule, king'ora cha kiwanda kililia kwa kubadilisha zamu, na watu wakaanza kupita barabarani na mabakuli yao, wakisalimu, “Yambo, baba Sakina! Yambo, tata katekista!” Na wote watatu waliitikia, kila mmoja, kwa heshima, kama watu ambao hakuna kilichowapata.

“Mzee,” Feruzi alisema barabara ilipotulia, “maji hayo yanafutika?”

Mikono ya Damas ilikuwa inakikanda kitambaa ndani ya mfuko.

“Nilifundisha batoto elfu moya na zaidi,” alisema mwisho, “na niliwaambia kitu moya. Ile ni alama. Haifutike. Hata mutoto akikomaa akaikatala, hata akifika Maka, iko pale. Feruzi, ningeweza kukuambia bingine leo, ningekuambia. Siweze.”

“Hata baba akikataa?”

“Mutoto akiwa karibu ya kufa… hata.”

“Na neno langu, la sikioni? Lenyewe limekwenda wapi?”

“Siyue,” mzee alisema, akiwa anatokwa na machozi waziwazi. “Minye siyue neno ya mu sikio inaenda wapi. Hakuna mutu alinifundisha. Labda iko palepale. Labda bitu bibili binaikala pamoja, sisi njo hatuone namna gani.”

“Labda,” Feruzi alisema. Alisimama, akamsaidia mzee kusimama, akamfungia hata kifungo cha koti. “Nenda, mvua inakuja kweli. Hukufanya kosa, mzee. Ulikuja kwa heri.”

“Siku ya Mungu ingine nitapita?”

Feruzi alimtazama, akapenda kusema ndiyo. Émérence aliiona ndiyo ikifika mpaka kwenye midomo. “Sitakuwepo,” akasema.

Waliingia ndani. Mvua ilianguka juu ya mabati, ile mvua ya mwezi wa pili isiyoachia mtu nafasi ya kusema kwa sauti ya kawaida. Nyumba ilikuwa vyumba viwili. Katika cha mbele kulikuwa na viti vinne na vitambaa alivyovishona Émérence, ukutani kwake kuna Bikira, ukutani kwa Feruzi kuna maandishi ya Kiarabu yaliyotoka Kasongo ndani ya fremu ya mbao. Mwaka wa kwanza walikuwa wamecheka sana wakivitundika: nani awe karibu na dirisha? Mwishowe dirisha waliliacha katikati.

Feruzi hakukaa. “Émérence, nisikilize vizuri, maana nitasema mara moja. Woga naujua. Mama anayeona mtoto wake anakufa, hata akiambiwa ale udongo atakula. Sema ilikuwa woga. Sema maji yalikuwa maji. Nitakuamini. Nitasamehe leo hii, tutakula, kesho nitakwenda kazini, na Damas atakuja wiki ijayo tubishane. Sema tu.”

Alikuwa karibu naye kiasi kwamba Émérence aliona mshipa mdogo ukicheza kando ya jicho lake. Angetaka kuweka kidole pale, autulize, kama alivyofanya jioni nyingine nyingi. Mlango ulikuwa wazi mbele yake, mpana, mwanga wote ukiwa ndani. Neno moja tu. Na nani angejua? Mungu? Mungu anawasamehe hata wauaji. Alimwona mume wake anavyomngoja, bega moja limeinama kidogo, kama siku ile ya mwavuli, na akampenda vilevile.

“Ilikuwa woga,” alisema.

Uso wa Feruzi ukaanza kulegea.

“Na ilikuwa imani,” Émérence akasema. “Byote mbili. Nimejaribu wiki tatu kubitenganisha, siweze.”

Mvua ilinyesha. Feruzi alirudi nyuma hatua moja.

“Kwa hiyo ukizaa mwingine. Akaugua hivyo.”

“Usiniulize ile.”

“Nakuuliza.”

“Nitafanya tena.”

“Hata mimi nikiwa nimesimama pale?”

“Ukiwa umesimama pale nitakulomba ruhusa.” Sasa alikuwa analia, hakujali tena. “Nitakupigia magoti nikulombe. Na ukikatala… nitafanya, Feruzi. Nitafanya, kisha utanipiga kama unataka.”

“Nimekupiga lini?”

“Hapana. Hata siku moya.”

“Na ahadi uliyonipa? Ulinipa wewe mwenyewe, nikakuambia fikiri kwanza.”

“Nilikupa mbele sijakuwa mama. Nilikuwa binti wa miaka makumi mbili, niko ninaona tu mikono yako na mwavuli. Nilikupa kitu sikukuwa nacho bado.”

Feruzi alipitisha kiganja usoni, kutoka paji mpaka ndevu, kama amalizavyo dua. “Wewe ungependa niseme nini? Niseme lile neno nililomwambia mtoto wangu sikioni lilikuwa pumzi tu?”

“Hapana!” Alilisema upesi, kwa ukali uliowashangaza wote wawili. “Usiseme vile. Ukisema vile, sitakuamini tena mu kitu yoyote.”

“Na wewe ungesema maji yalikuwa maji,” Feruzi alijibu polepole, “na mimi nisingekuamini tena.”

Wakatazamana. Labda hawakuwahi kuelewana katika miaka yote mitatu kama walivyoelewana dakika ile, na kuelewana kwenyewe hakukuwasaidia kitu.

Sakina aliamka. Émérence alimchukua, akamweka begani. Feruzi alinyoosha mkono, akaugusa utosi wa mtoto, akauacha mkono pale kwa muda mrefu. Halafu akauondoa.

“Shefu wa kazi anatafuta watu wa kwenda Koni, kutengeneza mitambo ya umeme ya mto,” alisema. “Miezi mitatu, labda minne. Mara mbili ameniuliza, mara mbili nimekataa kwa sababu ya mtoto. Nafasi bado ipo. Lori linaondoka kesho asubuhi. Nitakwenda kumwambia sasa.”

“Na kisha ya Koni?”

“Kitabu changu kinasema mama amnyonyeshe mtoto miaka miwili kamili. Hiyo ni haki yake, na ni haki yako, siwezi kuivunja. Siku atakayotimiza miaka miwili mama yangu atakuwa hapa. Atampeleka Kasongo, akue kwenye nyumba inayoswali.”

Émérence alimbana mtoto mpaka akalia. “Feruzi. Hautafanya vile.”

“Maji yako hayafutiki, mzee amesema. Basi utakuwa umemwachia kitu chako, hata akiwa kule. Mimi sitaki neno langu liwe pekee ndilo lililofutika.”

“Na minye? Minye nitaenda wapi?”

“Nilikupenda ukiwa na misa yako,” Feruzi alisema. “Bado nakupenda. Ndiyo maana siwezi kukaa hapa nikikutazama.”

Akavaa koti, akatoka mvuani. Mwavuli ulibaki nyuma ya mlango. Hakuukumbuka, au hakuutaka.

Usiku ule hakuna la kusimulia. Walikula bukari, ugali wa kwao, na sombe ya Mama Berthe. Feruzi alisema asante, kama kawaida. Alitandika mkeka chumba cha mbele, chini ya lile dirisha la katikati, na kama alilala, alilala kimya.

Asubuhi alifunga sanduku lake mwenyewe. Émérence alikuwa kitandani, ananyonyesha, amegeukia ukuta. Alihesabu bila kutaka: saba mpaka ishirini na nne, kumi na saba. Miezi kumi na saba ya maziwa. Alisikia viatu, alisikia mlango ukifunguliwa, ukakaa wazi kitambo, ukafungwa. Alijiambia hatatoka. Mama yake angesema mwanamke hamkimbilii mwanaume anayemnyang'anya mtoto. Alikaa na hasira yake, na hasira ilimpa nguvu, akadhani itamtosha mpaka lori liende.

Hapo ndipo mtoto alipomng'ata.

Alipiga kelele ya maumivu. Akamtoa ziwa, akamfungua mdomo kwa kidole, akapapasa ufizi. Kulikuwa na kitu pale, kidogo, kikali kama punje ya mchanga. Sakina alimtazama, akacheka.

Émérence hakukumbuka baadaye jinsi alivyotoka. Alikuwa na kikwembe kimoja tu cha kujifunga, miguu mitupu, tope linaruka mpaka magotini. Alipita bomba, wanawake wenye ndoo wakampisha, “We mama Sakina, kuna nini?” Alipita reli. Lori lilikuwa limesimama mbele ya geti la kiwanda, injini inanguruma, wanaume wamejipanga nyuma juu ya masanduku yao. Feruzi alikuwa wa mwisho, mguu mmoja ameupandisha juu ya gurudumu.

“Feruzi!”

Aligeuka. Alipoona mtoto mikononi na mama bila viatu, uso ukamsawijika. Alidhani ni ile homa tena. Aliruka chini. “Anaumwa?”

“Hapana. Hapana.” Alikuwa hawezi kupumua. “Jino.”

“Nini?”

“Ameota jino. Sasa hivi. Nilitaka…” Hakujua alitaka nini. “Weye njo baba yake.”

Dereva alipiga honi. Wanaume juu ya lori walinyamaza, wakatazama upande mwingine, kama watu wenye adabu. Feruzi aliupangusa mkono wake kwenye suruali, upande mmoja na mwingine, kisha akaingiza kidole chake kirefu mdomoni mwa mtoto, taratibu, kama anatafuta waya gizani. Sakina alikifunga midomo, akakitafuna.

“Ni la juu au la chini?” aliuliza, akiwa bado anatafuta.

“Ya chini.”

Akalipata. Na kwa muda mfupi kabisa, ule wa mtu kufumba na kufumbua jicho, uso wake wote ukafunguka, akawa kijana wa zamani, na Émérence akadhani atarudi nyumbani pamoja nao.

“Alhamdulillahi,” Feruzi alisema.

“Mungu asifiwe,” Émérence alisema. Yalitoka pamoja, yakagongana hewani.

Honi ikalia tena. Alikitoa kidole. Hakukipangusa. Alikifungia ndani ya ngumi pamoja na vingine, akapanda kwa mkono mmoja, akaketi amewapa mgongo. Lori lilichukua barabara ya Koni, likiyumba katika mashimo yaliyojaa maji, na Émérence alisimama getini na mtoto mpaka watu wa zamu ya asubuhi walipomwomba awapishe wapite.